Bunduki ya kwanza ya shabaha: anza na .22, na usibadilishe kitu kabla karatasi haijasema

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkaazi wa Malindi, nafanya kazi hotelini. Nimejiunga na klabu ya kulenga shabaha na maombi yangu ya leseni yamefika hatua ya mwisho. Nataka bunduki ya kwanza ya kulengea kwa makini, mita 50 na 100, na Mungu akijalia siku moja 300. Rafiki zangu wanasema nichukue .308 yenye darubini kubwa, nisije nikanunua mara mbili. Muuzaji naye ananiambia nianze na .22 ya bei nafuu, halafu nibadilishe mtutu, kifyatulio na kitako kidogo kidogo. Na kuna hii chumvi ya bahari. Nishike la nani?"

Marahaba, mwanangu. Kati ya hao, muuzaji ndiye aliyeukaribia ukweli, lakini nusu ya maneno yake yaache dukani. .22 ndiyo (namba hizi hutaja upana wa risasi kwa inchi: .22 ni ndogo, .308 ni kubwa). Bunduki rahisi ya kuja kubadilishwa kila kiungo, hapana. Nunua .22 ya bolti, yaani ile unayoikoka kwa mkono kila risasi, iliyotengenezwa vizuri tangu kiwandani, ifunge darubini ya wastani kwa vikuku imara (pete zinazoishika darubini kwenye bunduki), na fedha itakayobaki yote iende kwenye risasi. Baada ya hapo usibadilishe kitu mpaka karatasi ya shabaha ikuoneshe kwamba kinachokuzuia ni bunduki, si wewe.

Kabla ya bunduki, cheti. Usilipe hata kianzio kabla Bodi ya Leseni za Silaha haijakukubalia kwa maandishi. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi unachoruhusiwa kuwa nacho, kwa hiyo amua mapema unataka kipimo gani na uhakikishe ndicho kilichoandikwa. Kiasi cha risasi nacho kiombe kama mwanamichezo, kwa sababu anayefanya mazoezi ya kweli humaliza risasi 100 kwa asubuhi moja. Bunduki ya upepo pia usiichukulie kuwa kitu cha kununua hivi hivi. Iulizie Bodi kwanza. Na kwa kuwa wengi wetu tuna jamaa Witu, Mpeketoni na Lamu kwenyewe, nakuomba sana usiibebe bunduki kwenda kuijaribu shambani kwao. Barabara ile ina vizuizi vya usalama, watu wa kule wameona mengi, na mlio mmoja tu utawatia hofu wazee na watoto. Lenga kwenye uwanja ulioruhusiwa. Njiani bunduki iwe tupu, imefungwa ndani ya sanduku lake, risasi zikae mbali nayo, cheti kiwe nawe.

Sasa hao rafiki zako na .308 yao. Ni bunduki nzuri, ila haimfai anayeanza. Hupiga teke begani, na mwili hujifunza haraka kuliogopa teke hilo. Kabla hujamaliza kuvuta kifyatulio, jicho linafumba lenyewe na bega linasukuma mbele. Mwenyewe hutajua. Mkufunzi akikuchanganyia ganda tupu katikati ya risasi nzima bila kukuambia, ndipo kila mtu uwanjani atakapoona mdomo wa mtutu ukiinama kwa "mlio" ambao haukutokea. Nimeona watu wazima wenye bidii wakihangaika na tabia hiyo miezi na miezi, na wote waliianza kwa bunduki kubwa.

.22 haina teke la kutisha. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa gramu 2.6 hivi na hutoka kwa mwendo wa mita 320 hadi 330 kwa sekunde. Mwendo huo ni mdogo, na hapo ndipo penye faida: risasi huchelewa kidogo ndani ya mtutu, kwa hiyo ukitikisika baada ya kufyatua, karatasi itakuambia. Inakulazimisha ubaki umelenga hata baada ya mlio. Pia hupeperushwa sana na upepo. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ambao kwetu pwani ni wa kila siku, huisogeza kiasi cha sentimita 2 hadi 2.5 kwa mita 50, na karibu sentimita 10 kwa mita 100. Kipime hicho kwa karatasi ya kimataifa ya mita 50, ambayo duara lake la kumi lina upana wa milimita 10.4 tu: umelenga katikati kabisa, mkono haukutikisika, na risasi imetua nje ya tisa. Kwa pembe, .22 ya mita 100 inasumbuliwa na upepo sawa na .308 ya mita 400 hivi. Kwa hiyo hiyo 300 unayoiota utaanza kujifunza mambo yake ukiwa mita 100, kwa risasi za bei ndogo.

Bunduki gani? Wanaoanza huwa nawaelekeza kwenye CZ 457 ya Ucheki au Tikka T1x ya Ufini. Zote mbili ni za bolti, mitutu yao hupiga vizuri zikitoka kiwandani, na vifyatulio vyao hurekebishika bila kununua kipya. Chagua toleo lenye mtutu mnene, maana uzito mbele hutuliza msalaba wa darubini. Ukibahatika kupata Anschütz iliyotumika, ya umbo la 64 au zile za mashindano, itazame kwa makini. Kampuni hiyo ya Ujerumani ipo tangu 1856, na bunduki zake za .22 hudumu kuliko wamiliki wake. Lakini bunduki iliyoishi pwani usiinunue kwa kuitazama juu juu. Mwombe muuzaji aitoe kwenye kitako mbele yako. Sehemu iliyofichwa na ubao, chini ya chemba (pale risasi inapokaa) na kuzunguka skrubu, ndiyo inayokunywa jasho na chumvi bila mtu kuona. Kutu ya juu juu hupanguswa. Ukiona vishimo, rudisha na uondoke. Kisha angalia mdomo wa mtutu kwa tochi na kioo cha kukuzia: ukingo pale risasi inapoachana na chuma uwe mkali na sawa pande zote, usiwe na kikovu hata kimoja.

Tuje kwenye risasi, na hapa nakuomba usome polepole, maana ndipo watu wengi wanapopoteza fedha kwa kununua vipuri wasivyohitaji.

Kila mtutu wa .22 una risasi inazozipenda. Bunduki mbili za aina moja, zilizotoka kiwandani siku moja, zinaweza kutofautiana: moja ikapenda SK, nyingine Eley, ya tatu ikafanya vizuri na CCI ya mwendo wa kawaida. Hakuna anayeweza kukutabiria. Nunua maboksi mawili mawili ya aina tatu au nne ambazo muuzaji wako anaweza kuzileta tena, na zote ziwe za mwendo wa chini ya sauti. Zile zilizoandikwa kuwa ni za kasi ziache. Hutoka zikiwa zimeupita mwendo wa sauti, na kabla ya kufika mita 100 hurudi chini yake. Pale zinapouvuka mpaka huo hutikisika, na kundi lako la matundu hutawanyika bila kosa lako.

Jaribu hivi. Chagua asubuhi mapema kabla upepo wa matlai haujachangamka. Lala kifudifudi, weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga mbele na mfuko mdogo nyuma chini ya kitako. Pitisha risasi kumi za aina moja bila kuzihesabia, ili mtutu uzoee nta ya risasi hizo. Halafu piga makundi matano ya risasi tano tano, kila kundi kwenye alama yake, mita 50. Pima kila kundi kutoka katikati ya tundu la mbali hadi katikati ya tundu lililo mbali nalo zaidi, kisha tafuta wastani wa yote matano. Usichague lile zuri ukapiga picha ukasahau mengine. Kundi la risasi tatu hudanganya. Mtu yeyote hupata matundu matatu yaliyogusana siku moja moja. Ukishapata aina iliyoshinda, tazama namba ya toleo kwenye boksi na ununue nyingi kadiri cheti kinavyokuruhusu za namba hiyo hiyo, maana toleo lijalo huenda lisipige sawa. Nimeona kundi la milimita 30 likishuka chini ya 20 kwa kubadilisha boksi tu, bila kugusa skrubu moja ya bunduki. Huo ni uboreshaji ambao hakuna mtutu mpya utakaokupa kwa bei hiyo.

Baada ya risasi kinafuata kitako, yaani ule ubao au plastiki yote unayoikumbatia. Hapa muuzaji atakuonesha vitako vya alumini vyenye vifundo kila mahali. Subiri. Kwanza fanya jaribio hili nyumbani, bunduki tupu, bolti iko nje: lala, weka shavu pake kwa raha, fumba macho, vuta pumzi mbili, fumbua. Ukiona duara zima la darubini bila kivuli cheusi upande wowote, kitako kinakufaa. Ukilazimika kuinua kichwa ndipo uone, shavu linaelea hewani na kila risasi utaiangalia kutoka mahali tofauti. Dawa yake ni sponji ngumu ya malapa. Kata vipande viwili vitatu vya unene tofauti, vifunge juu ya kitako kwa bendeji ya kunata, ongeza na upunguze mpaka kivuli kiondoke. Ukishakijua kimo chako, mpelekee fundi wa ngozi akushonee kifuniko, au seremala akuchongee kipande cha mbao. Lamu na Malindi hatujawahi kukosa mafundi wa kuchonga, na kazi hiyo haigusi chuma cha bunduki. Urefu wa kitako nao hupimwa hivyo hivyo: kidole kifike kwenye kifyatulio kikiwa kimekunjika kidogo, bila bega kuvutwa.

Kwa hali yetu ya hewa, kitako cha mbao kina tabia moja ya kujua. Masika hunywa unyevu na kuvimba, kaskazi ikikausha hewa hurudi, na kila kinapobadilika hubana chuma kwa nguvu tofauti. Utashangaa mbona Januari ulipiga katikati na Mei umehamia kushoto. Mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi hutulia zaidi kuliko ubao mmoja, na plastiki nzuri hutulia kuliko zote. Ukipenda mbao, mwambie fundi aipake mafuta hata ndani, kwenye mashimo ya skrubu, mahali ambapo wengi huacha wazi. Pia pitisha karatasi nyembamba kati ya mtutu na ubao kutoka mbele hadi karibu na chemba. Ikikwama, pana mguso, na paondolewe. Skrubu zinazoshika bunduki kwenye kitako zikazwe kwa spana yenye kipimo, kila mara kwa nguvu ile ile inayotajwa na kiwanda. Hili peke yake limewaponya wengi ambao walikuwa tayari kununua mtutu mpya.

Darubini. Rafiki zako wanapenda ukuzaji mkubwa, lakini ukikuza sana unakuza pia mtikisiko wako na mazigazi ya joto, na saa tano za Malindi utaiona shabaha ikicheza mbele yako kutwa nzima. Ya kukuza mara 4 hadi 16 inakutosha, hata ya 3 hadi 9 si haba. Ninachokutaka ukikague ni paralaksi, yaani msalaba kuonekana ukihama juu ya shabaha unaposogeza jicho, kwa sababu darubini nyingi za bunduki kubwa zimepangwa kiwandani kwa umbali wa mita 90 hivi na hazirekebishiki, nawe utaanza na 50. Dukani, omba darubini iwekwe juu ya mfuko, elekeza kwenye kitu kilicho umbali wa mita 50, na bila kuigusa sogeza kichwa chako kushoto na kulia kidogo. Msalaba ukitembea juu ya kile kitu, kila kosa dogo la shavu litakuwa kosa kwenye karatasi. Tafuta yenye kirekebishi cha paralaksi kinachoshuka hadi mita 25 au chini yake. Kisha hakikisha vipimo vya msalaba na vya vifundo vya kuurekebishia ni vya mfumo mmoja. Ukichukua milirediani, ambayo ni kipimo cha pembe, mlio mmoja wa kifundo cha 0.1 ni sentimita 1 kwa mita 100 na nusu sentimita kwa mita 50, hesabu ambayo hata ukiwa umechoka utaifanya kichwani. Utaihitaji: ukiisawazisha .22 kwa mita 50, kwa mita 100 itatua karibu sentimita 20 chini, yaani milio 20 ya kifundo.

Vikuku usivibanie fedha. Kikuku dhaifu huilegeza darubini polepole, na wewe utailaumu bunduki. Skrubu za vikuku hukazwa kwa wastani wa nyutonimita 1.7 hadi 2, zikaze kwa zamu, kidogo kidogo, pande zote sawa.

Kifyatulio kirekebishe, usikimbilie kukinunua kipya. Kikiwa kizito, bunduki huyumba wakati wa kuvuta. Kikiwa chepesi mno mikononi mwa anayeanza, hufyatuka kabla hajawa tayari, na hiyo ni hatari. Kiasi cha kilo moja kinamfaa mgeni wa mchezo. Kazi hiyo aifanye fundi mwenye leseni, na akimaliza aigongegonge bunduki tupu iliyokokwa, kwa kiganja na kwa kitako sakafuni, mbele yako. Ikijifyatua, hakuna mjadala, irudishwe ilivyokuwa.

Mtutu ni wa mwisho, na huenda usiufikie kabisa. Mtutu wa .22 hustahimili makumi ya maelfu ya risasi; wa .308 wa mashindano huanza kuchoka kwenye elfu tano hivi. Ni kweli CZ 457 imetengenezwa mtutu wake utolewe kwa skrubu mbili, lakini kwetu hilo si jambo la kujifanyia sebuleni. Mtutu ni sehemu ya silaha, lipitie kwa muuzaji mwenye leseni na kwa Bodi.

Kuhusu chumvi, hofu yako ni ya haki. Adui mkubwa ni jasho la kiganja pamoja na hewa ya jioni. Kila ukiishika, ipanguse chuma chote kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, pamoja na vichwa vya skrubu na bolti. Usiihifadhi ndani ya begi la kitambaa au sanduku lenye sponji, kwa sababu sponji hushika unyevu na kuubandika kwenye chuma. Ikae kwenye sefu, na humo weka vifuko vya silika, chembe za kufyonza unyevu, vinavyobadilika rangi. Vikilowa, vikaushe kwenye oveni vitumike tena. Kama uwezo upo, chukua toleo la chuma kisichoshika kutu, lakini lipanguse vivyo hivyo, maana pwani hata hicho hupata madoa. Ndani ya mtutu usisugue kila siku. Nta ya risasi hulinda, na .22 iliyosafishwa mno hutawanya mpaka izoee tena. Pitisha kitambaa mara moja mbili baada ya mazoezi, kila mara kutoka upande wa chemba kwenda mbele, na fimbo isiguse ukingo wa mdomo. Kaboni inayojijenga mwanzo wa chemba ndiyo ya kuitoa kwa bidii kila baada ya risasi mia kadhaa. Risasi zenyewe usiziache kwenye gari lililoegeshwa juani. Nta huyeyuka na kuhama. Kikasha kidogo cha kupozea, bila barafu, kivulini, kinatosha.

Mazoezi ya nyumbani ni bure na yanajenga kuliko kipuri chochote. Soma kitabu cha bunduki yako kama kinaruhusu kufyatua bila risasi, kwa sababu pini ya baadhi ya .22 hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Ikiwa hairuhusiwi, tumia risasi bandia ya plastiki. Risasi za kweli ziwe chumba kingine. Mwambie mwenzako aweke sarafu juu ya mtutu karibu na mdomo, nawe ufyatue bila sarafu kuanguka.

Na upepo, mwanangu, hapo umezaliwa mahali pazuri. Watu wa vyombo wa Lamu na Malindi husoma maji, hawasubiri kuusikia upepo mashavuni. Fanya hivyo uwanjani: simamisha vijiti vitatu vyenye nyuzi za sufi, kimoja karibu nawe, kimoja katikati, kimoja karibu na shabaha, na ukubali kwamba kilicho karibu nawe kina uzito zaidi, kwa kuwa risasi ikipotoshwa mapema huendelea kupotoka njia nzima. Kusi ina mivumo na mapumziko. Usipige kila hali. Chagua hali moja inayorudi, isawazishie bunduki, na subiri irudi ndipo ufyatue. Andika kwenye daftari: saa, upepo, toleo la risasi, kundi.

Hiyo 300 na .308, tuzungumze siku ambayo, umelala kifudifudi bila mfuko wa nyuma, utapiga makundi matano mfululizo ya risasi kumi kumi ndani ya milimita 20 kwa mita 50, kwa siku mbili tofauti za upepo. Ukikwama kwenye 30, usinunue kitu. Rudi kwenye shavu, skrubu na toleo la risasi, kwa mpangilio huo. Ukikwama kwenye 22 au 23 na mkufunzi wako akapiga kwa bunduki yako hiyo hiyo akapata sawa nawe, hapo karatasi imesema, na kifyatulio bora au mtutu mpya una kazi ya kufanya.